Kaya Ngapi, Kati ya Ngapi?

Inapozungumzwa misaada ya serikali kwa familia zenye watoto, namba tunayoisikia mara nyingi ni ya taifa zima: kaya zaidi ya milioni moja, zenye watu wapatao milioni tano, ziliandikishwa katika awamu ya kwanza ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Ni namba ya kweli, na nchi ina haki ya kujivunia kuifikia. Hata hivyo, mkazi wa kata ya Ntobeye, katika wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, inayopakana na Rwanda na Burundi, hana la kufanya nayo. Haimwambii ni watoto wangapi wa kijiji chake wanaoguswa na ruzuku hiyo, wala ni wangapi wanaostahili lakini hawamo. Haimwambii kama kijiji cha ng’ambo ya kilima kimepewa nafasi nyingi au chache kuliko chake, wala kwa nini. Hoja ya makala haya ni kwamba idadi ya familia zinazopokea ruzuku huwa na maana pale tu inapotolewa kwa ngazi ya kijiji na kata, na inapowekwa kando ya idadi ya familia zilizostahili kupokea. Bila nusu hiyo ya pili, takwimu husifu mpango tu, wala haimsaidii mtoto aliyesahaulika.

Nchi tajiri huwafikishia familia fedha za watoto kwa njia tofauti na yetu. Uingereza ina posho ya watoto tangu mwaka 1977, na kuanzia Aprili 2003 hadi Aprili 2025 ilikuwa pia na nafuu ya kodi kwa familia za kipato cha chini, zote zikisimamiwa na mamlaka ya kodi. Njia hiyo inawezekana kwa sababu karibu kila mzazi anajulikana kwenye daftari la kodi au la ajira. Tanzania haina punguzo la kodi ya mshahara kwa ajili ya watoto, na hata lingekuwepo lisingefika Ntobeye, ambako riziki ya watu wengi hutoka kwenye migomba, maharage, mihogo na kahawa, bila hati ya mshahara. Kwetu kazi hiyo imeangukia TASAF, iliyoanzishwa mwaka 2000, na hasa mpango wa ruzuku uliozinduliwa mwaka 2012 baada ya majaribio ya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Katika viwango vya awamu ya kwanza, kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na kaya yenye mtoto iliongezewa 4,000. Mtoto wa chini ya miaka mitano aliyepelekwa kliniki aliiongezea kaya yake 4,000, mwanafunzi wa shule ya msingi 2,000, na wa sekondari 4,000 au 6,000 kulingana na kidato, mradi awe amehudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Kila kipengele kilikuwa na kikomo, na jumla haikuzidi 38,000 kwa mwezi, ikilipwa kila baada ya miezi miwili. Ukiutazama vizuri mpangilio huo utaona kuwa kwa sehemu kubwa ni ruzuku ya watoto, ingawa hatuiiti hivyo. Ndiyo maana swali la kwanza la takwimu zake linapaswa kuwa juu ya watoto.

Ili kuelewa mahali takwimu zinapopotea, tufuate safari ya jina hadi liingie kwenye orodha. Hatua ya kwanza ni ya kijiografia: fedha zikiwa chache, ngazi za juu huamua maeneo yatakayoingia na kila eneo litapata nafasi ngapi. Ya pili ni mkutano wa kijiji, ambako wananchi wenyewe huzitaja kaya wanazoziona kuwa maskini kuliko nyingine. Ya tatu ni dodoso linalopima hali ya kaya kwa dalili zinazoonekana, kama vile nyumba, mali na idadi ya wategemezi, kisha kompyuta hukokotoa nani amefikia kigezo. Hatua ya pili na ya tatu hujadiliwa sana vijijini, kwa kuwa ndipo majina hutajwa na kukatwa. Hatua ya kwanza hujadiliwa mara chache, ingawa ndiyo yenye uzito kuliko zote. Katika awamu ya kwanza mpango ulifika takriban asilimia 70 ya vijiji, mitaa na shehia za nchi. Kaya fukara iliyoishi katika ile asilimia 30 iliyobaki haikushindwa dodoso wala haikukataliwa na majirani, haikuulizwa kabisa. Awamu ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, ilikuja na lengo la kuyafikia maeneo yote, jambo la kupongezwa. Lakini kukifikia kila kijiji hakumaanishi kuifikia kila kaya inayostahili kijijini humo, na tofauti hiyo huonekana tu hesabu inapofanywa kijiji kwa kijiji.

Wastani wa taifa hauwezi kutuonyesha hilo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya Watanzania wa Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8.0 chini ya mstari wa umaskini wa chakula. Namba hizo hutokana na sampuli iliyopangwa kusema ukweli juu ya taifa na mikoa. Haikupangwa kusema lolote juu ya kata. Mikoa nayo ni mipana mno. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Kagera una watu 2,458,023, na ndani yake mna mji wa Bukoba wenye bandari ya ziwani na biashara ya miaka mingi, na mna Ngara na Biharamulo zilizo mbali na masoko makubwa. Ripoti ya Umaskini na Maendeleo ya Watu ya mwaka 2005, iliyounganisha sensa ya 2002 na utafiti wa kaya wa 2000/01 ili kukadiria umaskini kwa kila wilaya, ilionyesha pengo kubwa kati ya Bukoba Mjini na Biharamulo ndani ya mkoa uleule mmoja. Ukiutazama wastani wa Kagera peke yake, pengo hilo hulioni. Tena mipaka yenyewe haitulii: Chato ilimegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005, na mwaka 2012 ikaingia mkoa mpya wa Geita. Anayelinganisha Biharamulo ya 2002 na Biharamulo ya 2022 bila kukumbuka hilo analinganisha maeneo mawili tofauti yenye jina moja. Njia ya kuaminika ni kuhesabu katika vipande vidogo, vijiji na kata, ambavyo vinaweza kujumlishwa upya kila mipaka inapobadilika.

Tuchukue mfano wa kufikirika ili jambo lieleweke. Kijiji cha kwanza kina kaya 60 zinazopokea ruzuku, cha pili kina 40. Kwa taarifa ya kawaida cha kwanza kimefanikiwa zaidi. Sasa tuongeze namba nyingine: cha kwanza kina kaya 150 ambazo kwa vigezo vya mpango zinastahili, cha pili zinastahili 50. Hapo cha pili kimezifikia kaya nne katika kila tano, ilhali cha kwanza kimezifikia mbili tu katika kila tano. Tuongeze na ya tatu: kaya za cha kwanza zina watoto wengi wa chini ya miaka mitano, ilhali nyingi za cha pili ni za wazee wanaoishi peke yao. Sasa tunajua pia kwamba upungufu wa cha kwanza unawaangukia watoto wachanga, na kwamba dawa yake inahusu kliniki kuliko shule. Namba tatu tu zimebadilisha hukumu yote. Na nyingi kati ya namba za namna hii zipo tayari vijijini, zimetawanyika tu: watoto wachanga wamo kwenye rejesta ya zahanati, wanafunzi wamo kwenye rejesta ya mahudhurio ya mwalimu, kaya zimo kwenye daftari la mtendaji wa kijiji, na idadi ya watu kwa kata imo kwenye vitabu vya Sensa ya Watu na Makazi. Kinachokosekana ni mtu wa kuziweka kwenye ukurasa mmoja na wajibu wa kuusoma ukurasa huo hadharani.

Kagera yenyewe imetupa ushahidi wa kwa nini hesabu hiyo haiwezi kufanywa mara moja na kuachwa. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walihoji kaya 915 katika wilaya za mkoa huo, wakati ugonjwa wa UKIMWI ulipokuwa ukiutesa kuliko sehemu nyingi za nchi. Mwaka 2004 na tena mwaka 2010 waliwatafuta watu walewale popote walipokuwa wamekwenda. Waliporudi mara ya kwanza walikuta kaya zile 915 zimekuwa zaidi ya 2,700: watoto wamekua na kuoa, wajane wamehamia kwa ndugu, yatima wamegawanywa kwa mashangazi na mabibi, vijana wamekwenda Mwanza na kwingineko. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walipochambua takwimu hizo waligundua kuwa kuhama kuliongeza pointi 36 za asilimia katika ukuaji wa matumizi ya waliohama, wakilinganishwa na wenzao waliobaki. Tafsiri yake kwa orodha ya ruzuku ni nzito. Ndani ya miaka kumi na kitu, kaya iliyokuwa fukara inaweza kuwa imepata unafuu, iliyokuwa na nafuu inaweza kuwa imempoteza mtafutaji wake, na mtoto aliyeandikwa hapa anaweza kuwa analelewa kata ya tatu kutoka hapa. Orodha isiyohuishwa huzidi kuwa na makosa kila msimu, hata kama siku ilipotengenezwa ilikuwa sahihi kabisa.

Ushahidi wa pili unatoka wilaya ya Muleba, katika mkoa huohuo. Tangu mwaka 2003 mradi wa Kwa Wazee, ulioanzia Nshamba, umekuwa ukiwapa wazee fungu dogo la fedha kila mwezi, na kuongeza kiasi kwa wale wanaolea wajukuu. Waanzilishi waliona jambo ambalo takwimu za jumla zilikuwa hazilionyeshi: kwamba katika vijiji vingi vya Kagera mlezi wa mtoto ni bibi aliyewazika wazazi wa mtoto huyo. Tathmini iliyotolewa mwaka 2008 iliona kuwa fedha hizo ziliwafikia watoto kwa njia za kawaida kabisa, yaani chakula, sabuni na mahitaji ya shule. Somo kwa mtakwimu ni hili: “kaya yenye watoto” si kundi moja. Mtoto wa wazazi wawili wenye nguvu ya kulima na mtoto wa bibi wa miaka 75 wamo kwenye safu moja ya jedwali, lakini hawamo kwenye hali moja ya maisha. Takwimu za kijiji zinapaswa kuonyesha pia nani analea, hasa katika mkoa wenye historia kama ya Kagera.

Wapo watakaosema kwamba kijijini kila mtu anamjua maskini, hivyo majedwali ni kazi ya ofisini isiyo na faida. Kuna ukweli ndani ya pingamizi hili, na ndiyo maana mkutano wa kijiji umewekwa kuwa hatua ya lazima ya uteuzi. Jirani anajua mambo ambayo dodoso halitayaona kamwe, kama deni, maradhi ya siri na ulevi wa mwenye nyumba. Lakini ujuzi wa jirani unaishia mpakani mwa kijiji. Watu wa Ntobeye wanaweza kuzipanga kaya zao kutoka ya kwanza hadi ya mwisho bila kukosea, na bado wasijue kama nafasi walizopewa zinalingana na zile za Rulenge au Murusagamba, au za vijiji vya Biharamulo. Ujuzi huo pia huwaacha nje wasio na sauti: aliyehamia karibuni, asiye na ukoo hapo, anayetiliwa shaka ya uraia kwa sababu ya kuishi mpakani. Jambo hili la mwisho lina uzito wake Ngara. Tangu laini za simu zianze kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, asiye na namba hiyo hawezi kuwa na laini kwa jina lake, na malipo yanapopitia simu anaweza kustahili, akaandikwa, na bado asifikiwe na shilingi. Kijiji kinachohesabu walioandikwa peke yao kitamhesabu kama aliyesaidiwa. Kijiji kinachohesabu waliolipwa kitamwona.

Pingamizi la pili ni la heshima. Umaskini ni jambo la aibu kwa wengi, na mzazi hapendi watoto wake wanyooshewe vidole shuleni. Nakubali bila kusita kwamba kuna taarifa ambazo hazipaswi kubandikwa ukutani: ugonjwa, kiasi alicholipwa mtu, hali ya ndoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka misingi ya jambo hilo, na Sheria ya Takwimu ya 2015 inalinda siri ya anayetoa taarifa. Ila jumla si jina. Kusema kwamba kijijini kuna kaya 60 zinazopokea kati ya 150 zinazostahili hakumfunui mtu yeyote. Mamlaka ya kodi ya Uingereza imekuwa ikichapisha idadi ya familia zinazopokea posho ya watoto hadi kwenye maeneo ya wakazi wapatao 1,500, ukubwa usiozidi ule wa kijiji cha kwetu, huku namba zikikadiriwa hadi namba ya karibu ili asitambulike mtu. Kwa takwimu hizo halmashauri za huko zimeweza kuona ni mtaa gani una watoto wengi. Tena kwetu majina hutajwa tayari kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu wote. Itakuwa ajabu kuyatangaza majina na kuificha jumla.

Pingamizi la tatu linasema namba zitaleta ugomvi: vijiji vitalalamikiana, viongozi watashutumiwa, na fedha hazitaongezeka. Ugomvi upo tayari, ila kwa sasa unalishwa na tetesi. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuondoa kwenye mpango makumi ya maelfu ya kaya zilizobainika hazina sifa, wakiwemo waliofariki, waliohama na wenye uwezo. Zoezi hilo lilifanywa kutoka juu, baada ya fedha kuwa zimetoka. Laiti kila kijiji kingekuwa na desturi ya kusoma idadi ya waliokufa, waliohama na walioingia kila robo mwaka, makosa mengi yangekamatwa yakiwa machanga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya umma ndiyo inayohitaji daftari kuliko zote. Kuhusu fedha, ni kweli kwamba kujua pengo hakulizibi. Hata waliomo hawapati kingi: kiwango cha juu cha awamu ya kwanza, shilingi 38,000 kwa kaya nzima kwa mwezi, ni kidogo kuliko shilingi 49,320 ambazo utafiti wa 2017/18 uliziweka kuwa mstari wa umaskini kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Lakini diwani anayekwenda kwenye baraza la halmashauri akiwa na pengo lililohesabiwa ana hoja. Anayekwenda na malalamiko ana malalamiko tu. Mbunge wa Ngara au wa Biharamulo anayeomba nafasi zaidi atasikilizwa vizuri akionyesha ni vijiji vipi, watoto wangapi, na wa umri gani.

Kinachotakiwa ni kidogo kuliko kinavyosikika. Kila kijiji kibandike kwenye ubao wa ofisi, na kisome katika mkutano mkuu wa kijiji unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu, mambo sita: idadi ya kaya zote, idadi ya kaya zilizokidhi vigezo katika tathmini ya mwisho na tarehe ya tathmini hiyo, idadi ya kaya zilizolipwa katika malipo ya mwisho, idadi ya zilizoandikwa ambazo hazikulipwa, na sababu, idadi ya watoto walio katika kaya zilizolipwa, wakigawanywa wa chini ya miaka mitano, wa msingi na wa sekondari, na idadi ya kaya ambamo mlezi ni mzee au mtoto. Mtendaji wa kata ajumlishe vijiji vyake, halmashauri ijumlishe kata zake, na jumla hizo zirudi chini ili kila kijiji kijione kando ya wenzake. Kazi hii haihitaji mtambo mpya wala idara mpya. Inahitaji karatasi moja na uamuzi wa halmashauri.

Wananchi nao wasingoje. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na inaitaka ofisi hiyo imjibu ndani ya siku 30. Mzazi wa Ntobeye hana haja ya kuomba majina ya majirani zake. Katika mkutano ujao wa kijiji asimame aulize kwa heshima: kaya ngapi, kati ya ngapi, na watoto wangapi bado wako nje? Na jibu likitolewa, liandikwe kwenye muhtasari, ili mkutano unaofuata uanze kwa kulipima.